Kucheza bluzi wawili wawili: anza na uzito, hatua zitafuata

Darasa langu la kwanza la bluzi (blues) nilikwenda na kijitabu. Nilitaka kuandika hatua: mguu huu hapa, ule pale, geuka, rudi. Saa nzima ikapita na kijitabu kikabaki na maneno mawili, "kuhamisha uzito", kwa kuwa ndicho kitu pekee tulichofundishwa. Nilitoka nimenuna, nikiona nimepunjwa. Ilinichukua miezi kadhaa kutambua kwamba siku ile nilikuwa nimepewa karibu kila kitu. Mwongozo huu ni wa mtu aliye pale nilipokuwa: anataka kujifunza katika darasa la kikundi, hajui lolote, na hana uhakika kama mwili wake unasikia muziki.

1. Jua unakwenda kucheza nini

Bluzi si dansi moja, ni ukoo wa dansi. Ulizaliwa na Wamarekani weusi, kusini mwa Marekani, pamoja na muziki wenyewe, mwishoni mwa karne ya 19 na mwanzoni mwa karne ya 20. Mmoja wa wazee wa ukoo huo ni Slow Drag, kuburuta polepole. Mtunzi wa muziki Scott Joplin aliiweka dansi hiyo mwishoni mwa opera yake aliyoichapisha mwaka 1911, miaka tisa kabla mwimbaji Mamie Smith hajaimba bluzi kwenye santuri mwaka 1920 na kufungua mlango kwa waimbaji weusi waliomfuata.

Historia hii ina kazi darasani. Vibanda vya starehe vya vijijini, vilivyoitwa juke joint, vilikuwa vidogo na watu walijaa. Hapakuwa na pa kwenda, kwa hiyo waliocheza humo walibaki karibu karibu, hatua fupi, shughuli yote ikiwa kwenye magoti, nyonga na mbavu. Kumbi kubwa za mijini zilikuwa habari nyingine. Savoy Ballroom ya Harlem, New York, iliyofunguliwa mwaka 1926, ilikuwa na sakafu ndefu na bendi kamili, na sakafu ya namna hiyo inakualika utembee. Mwalimu akisema leo tunacheza mtindo wa kibandani, weka miguu chini ya mwili wako. Akisema mtindo wa ukumbini, jiandae kusafiri.

Jambo moja niliseme mapema. Wengi huingia wakidhani bluzi ni dansi ya mahaba, ya taa hafifu na macho ya kulegea. Nyimbo za bluzi zinaimba mapenzi, kweli, lakini zinaimba pia mafuriko, deni, gari moshi, bosi mkorofi na kicheko. Ukaribu wa miili ni njia ya kupeana habari za muziki. Anayeusoma kama ahadi atajikuta hana mtu wa kucheza naye.

2. Jiandikishe kwa akili

Tafuta darasa la wanaoanza kabisa, na ukipata la mfululizo wa wiki kadhaa, lichukue hilo kuliko la siku moja moja. Mwili hujifunza ukiwa umelala kati ya somo na somo. Huhitaji kwenda na mwenzi. Madarasa ya kikundi yamepangwa ili watu wapokezane.

Utaulizwa unataka nafasi gani: kuongoza au kufuata. Anayeongoza hupendekeza mwelekeo na wakati. Anayefuata hupokea pendekezo, hulitimiza kwa namna yake na mara nyingi huongeza lake. Nafasi hizi hazina jinsia. Mwanamume anaweza kufuata, mwanamke akaongoza, na wawili wa jinsia moja wakacheza bila mtu kugeuza shingo. Walimu wengi watakushauri ubaki na nafasi moja kwanza. Mimi nasema ukishamaliza mfululizo mmoja, badilisha. Nilikuwa naongoza kwa mabavu bila kujua, mpaka siku nilipofuata mtu wa aina yangu.

3. Viatu, shati na kucha

Raba zenye soli ya kunata ni adui wa goti: mguu unabaki, mwili unageuka, goti linalipa. Vaa kiatu chenye soli laini inayoteleza kidogo, kisicho na kisigino kirefu, au uliza kama soksi zinaruhusiwa. Kata kucha. Vua pete kubwa na saa, na acha nyumbani mkanda wenye bamba la chuma, maana mkishikana kwa karibu utamkwaruza mtu tumbo. Oga, piga mswaki, na manukato yawe kidogo sana, kwa sababu ukijimwagia utawapaka watu kumi kabla somo halijaisha. Beba kitaulo na shati la pili. Wengine huleta matatu.

4. Sikiliza kabla ya kusogea

Mara nyingi somo huanza kwa kupiga makofi. Muziki huu huhesabika kwa mapigo manne: moja, mbili, tatu, nne. Watu wasiouzoea hupiga makofi kwenye moja na tatu. Bluzi inataka mbili na nne. Ukipiga kinyume hutaadhibiwa, ila utahisi kama unatembea huku umekanyaga vazi lako mwenyewe.

Kisha sikiliza kinachotokea kati ya pigo na pigo. Pigo hugawanyika vipande viwili visivyolingana, cha kwanza kirefu, cha pili kifupi, kama mwendo wa mtu anayechechemea kwa maringo. Kuchechemea huko ndiko kunakokupa nafasi ya kuchelewa kidogo, na katika bluzi mtu anayechelewa kidogo hupendeza kuliko anayewahi.

Kwa mtu aliyekulia kwenye mashairi, umbo la wimbo halitakuwa geni. Ubeti wa kawaida wa bluzi una mishororo mitatu. Wa kwanza unatoa hoja, wa pili unairudia kwa maneno yale yale au yanayokaribiana, wa tatu unaijibu. Kila mshororo una vipimo vinne vya mapigo manne, kwa hiyo ubeti mzima ni vipimo 12, mapigo 48. Wimbo ukienda kwa mapigo 80 kwa dakika, ubeti mmoja huchukua sekunde 36. Na sauti haijazi mshororo wote: mwimbaji anaimba karibu nusu, halafu gitaa, kinanda au harmonika inaitikia.

Hapo una ramani ya kuchezea. Mwimbaji akiimba, tembea. Chombo kikiitikia, tulia au fanya kitu kimoja kidogo. Mshororo wa pili unarudia? Rudia ulichofanya. Wa tatu unajibu? Badilisha. Mchezaji wa mwezi mmoja anayefuata ramani hii anatazamika kuliko mwenye mikogo mia asiyesikia kitu.

5. Tafuta mdundo ndani ya magoti

Simama miguu ikiwa imeachana upana wa nyonga. Legeza magoti. Peleka makalio nyuma kidogo na kifua mbele kidogo, kama golikipa anayengoja mpira, uzito ukiwa mbele ya wayo bila kisigino kuondoka chini. Usibinue mgongo, wala usijikunje kama mtu anayetafuta sindano.

Sasa acha mwili ushuke kila pigo. Ushuke, usiruke. Tofauti hii ni ndogo kwa macho na kubwa kwa mwenzako. Anayeruka anamvuta mwenzake juu, anayeshuka anampa ardhi. Magoti na vifundo vya miguu ndivyo vinavyofanya kazi; kichwa kisipande na kushuka kama kuku anayedonoa. Mdundo huu haukatiki tangu wimbo uanze mpaka uishe, hata ukisimama palepale. Ukipotea katikati ya wimbo, hapa ndipo nyumbani pa kurudi.

Dakika tano tu za zoezi hili na mapaja yatawaka moto. Ndiyo, ni kawaida.

6. Hamisha uzito wote

Hili ndilo lililojaza kijitabu changu. Peleka mwili mzima juu ya mguu wa kushoto. Mzima kabisa. Jipime hivi: unaweza kuinua mguu wa kulia bila kujitikisa kwanza? Kama huwezi, bado una deni mguuni. Peleka kulia, jipime tena. Fanya hivyo kwa pigo moja, kisha kwa mapigo mawili, kisha polepole kiasi kwamba uzito unatiririka kama asali kwenye sahani.

Kwa nini walimu hung'ang'ania jambo hili? Kwa sababu mkishikana, kitu ambacho mwenzako anaweza kukisoma ni uzito wako ulipo. Haoni miguu yako, wala hapaswi kuitazama. Ukiwa umegawanya uzito kwenye miguu yote miwili, yeye anapokea habari mbili zinazopingana, naye anabaki na kubahatisha. Mikanyagano mingi niliyoishuhudia, ukiichunguza, chanzo chake ni mtu aliyekuwa nusu huku nusu kule.

Kutokana na hapo hatua za mwanzo hujizaa zenyewe. Nenda kando kwa mguu mmoja, leta wa pili uguse tu sakafu bila kuupa uzito, rudi. Hiyo ni hatua na mguso. Nenda kando, funga miguu, nenda tena, gusa. Hizo mbili zinatosha kucheza wimbo mzima, ukiwa na mdundo.

7. Shikaneni

Anza kwa nafasi ya wazi, mikono tu. Vidole vya anayeongoza vinakuwa kama kulabu laini, vya anayefuata vinakaa juu yake. Kidole gumba hakibani. Mkono usiwe uzi uliolegea wala fimbo. Uwe na uhai kiasi kwamba mwili ukisogea, mkono unasogea nao.

Kisha mkao wa karibu. Mkono wa kulia wa anayeongoza unakaa kwenye kombe la bega la kushoto la mwenzake, kiganja kizima, vidole vimefungana. Hauteremki kiunoni. Mkono wa kushoto wa anayefuata unakaa juu ya bega au sehemu ya juu ya mkono wa mwenzake, ukilala juu yake bila kuning'inia. Mikono mingine miwili inashikana pembeni, chini kidogo ya bega. Msisimame uso kwa uso kabisa; kila mmoja asogee kidogo kushoto kwake, mguu wa kulia uwe na njia kati ya miguu ya mwenzake. Wakufunzi wengi husahau kulisema hili, halafu wanashangaa vidole vya watu kuvimba.

Kuna umbali wa ngumi mbili, kuna umbali wa vifua kugusana, na kuna kila kitu katikati. Anayetaka nafasi kubwa zaidi ndiye anayeamua, na hatoi sababu. Ukihisi mwenzako anajikaza au anakusukuma kidogo kwa mkono, rudi nyuma saa hiyohiyo. Ukiwa wewe ndiye unayebanwa, maneno mafupi yanatosha: "Naomba tucheze na nafasi kidogo." Anayeudhika kwa ombi hilo amekurahisishia uamuzi wa wimbo unaofuata.

8. Tembeeni

Kutembea ni kugumu kuliko kugeuka, na madarasa mazuri hutumia muda mrefu kwa hilo kuliko mwanafunzi anavyopenda. Kwa kawaida anayeongoza huanza na mguu wa kushoto, anayefuata na wa kulia.

Unayeongoza: kabla ya hatua ya kwanza, hamisha uzito wako kushoto na kulia mara mbili tatu, mkiwa palepale, mpaka uhisi mwenzako yuko nawe. Hapo unajua mguu wake upi uko huru. Halafu peleka kifua kwanza, mguu ufuate. Mguu ukitangulia kifua, mwenzako hajapata habari na kidole chake bado kiko pale. Usitazame chini. Kichwa kina uzito, nacho kikiinama mwili wote unaegemea kwa mwenzako. Na usisukume kwa mikono. Mikono inabeba habari ya kifua, haina habari zake.

Unayefuata: ngoja. Neno hilo ni fupi na utekelezaji wake ni wa miezi. Wanaoanza hukisia kinachokuja na kukifanya mapema, kwa wema tu, wakitaka kumsaidia anayeongoza. Matokeo yake ni kwamba anayeongoza hajui tena kama ameeleweka. Ukirudi nyuma, nyoosha mguu kutoka kwenye nyonga, gusa kwa vidole, kisha pitisha mwili juu yake. Ukibaki na mguu mfupi, utakanyagwa na wala hutakuwa na wa kumlaumu. Kungoja hakukuzuii kusema lako pia. Ndani ya hatua moja ya polepole kuna nafasi ya kuzungusha nyonga, kuburuta kisigino au kuchelewesha uzito hadi mwisho wa pigo. Anayeongoza mwenye masikio atalihisi na kukuachia nafasi.

Mgeuzo wa kwanza utakaofundishwa huwa ni wa anayefuata kupita chini ya mkono. Mkono unanyanyuliwa kama mlango. Haumzungushi mtu kama unakoroga uji. Yule anayegeuka anajizungusha mwenyewe, juu ya mguu wake, kwa mdundo wake.

Kumlaza mwenzako nyuma, ile pozi ya kwenye mabango, iache kabisa. Inahitaji anayefuata aweze kubeba uzito wake mwenyewe, ruhusa, na sakafu yenye nafasi. Mgongo wa mtu si kifaa cha mazoezi.

9. Pokezaneni wenza

Kila baada ya dakika chache mwalimu atasema badilisheni, na kundi moja litasogea nafasi moja. Taja jina lako, sikia la mwenzako, chezeni, shukuru, songa. Idadi isipolingana utabaki peke yako raundi moja. Tumia muda huo kufanya uzito na mdundo, kwa sababu ukisimama na simu utarudi ukiwa umepoa.

Nakuomba usiruke raundi kwa kuwa umempata anayekufaa. Kila mwili unakufundisha kitu: mrefu anakufundisha urefu wa hatua, mwoga anakufundisha upole, mgumu kama mlango anakufundisha usimlazimishe. Waliokuja kama wapenzi na wasiotaka kupokezana wana haki hiyo, lakini nimeona mara nyingi wakitoka na mazoea ambayo wawili wao tu wanayaelewa.

Usimfundishe mwenzako. Hata kama unajua. Yupo mwalimu, na watu wawili wakikosea pamoja, kila mmoja huwa na hakika kwamba kosa ni la mwingine. Zungumza juu ya mwili wako tu: "Mkono wangu unavutwa, naomba ulegeze kidogo." Maumivu hayangoji mapumziko, yaseme palepale. Kama mtu anakushika pasipofaa, au ombi lako halisikiki, mwambie mwalimu siku hiyohiyo, usingoje upate ushahidi.

10. Kati ya somo na somo

Dakika kumi kwa siku zinatosha. Weka wimbo mmoja wa Bessie Smith, wa Muddy Waters au wa B.B. King, tembea chumbani ukishuka kila pigo, simama pale sauti inapokatika. Siku nyingine kaa kwenye kiti uhesabu mishororo tu. Usitazame video za mabingwa wiki mbili za mwanzo. Utaiga mikono yao, ambayo ndiyo isiyo na umuhimu, na hutaona uzito wao, ambao hauonekani.

11. Baada ya somo, ingia sakafuni

Mara nyingi somo hufuatwa na muda wa kucheza huru. Usikimbie. Mwendee mtu, mtazame usoni, sema, "Naomba tucheze wimbo huu?" Akikataa, "Haya, asante," nawe uende zako bila kuulizia sababu. Wewe pia unaweza kukataa: "Asante, wimbo huu napumzika." Anza na wale mliokuwa nao darasani, halafu muombe mmoja wa wazoefu. Mzoefu mzuri atacheza kwa kiwango chako bila kukuonyesha kuwa anafanya hivyo.

Kwenye wimbo wa kwanza, kichwa kitakuwa cheupe; kila ulichofundishwa kitakuwa kimeyeyuka. Usitafute hatua. Simama, rudi kwenye magoti, hamisha uzito kushoto, kulia, mara nne, mara nane, ubeti mzima ikibidi. Mwenzako ataona unasikiliza. Hatua ya kwanza itakuja yenyewe pale gitaa litakapoitikia, na ikichelewa, ubeti mwingine uko njiani baada ya sekunde thelathini na kitu.

Wimbo ukiisha, malizeni pigo la mwisho mkiwa mmesimama juu ya mguu mmoja, achaneni taratibu, shukuru, msindikize mwenzako hadi pembeni ili wengine wasimgonge. Kunywa maji. Badilisha shati kabla ya kumwomba mwingine.